Logi za skripti ya PowerShell: LOCALAPPDATA au ProgramData?

Njia ya kuhifadhi logi (kumbukumbu za yale skripti iliyofanya) kama C:\Users\asha\logi hugoma siku skripti ikiendeshwa na mtu mwingine. Iache Windows yenyewe itaje folda.

$env:LOCALAPPDATA, yaani folda ya data ya mtumiaji anayeendesha skripti, haidai ruhusa ya ziada, maana kila mtumiaji anaandika kwake. Kasoro hujitokeza kwenye Task Scheduler (programu ya Windows inayoendesha kazi kwa ratiba): kazi ikiendeshwa na akaunti ya SYSTEM, yaani ya Windows yenyewe, logi huangukia C:\Windows\System32\config\systemprofile\AppData\Local, nawe unaitafuta kwako huioni.

$env:ProgramData ni moja kwa wote, kwa kawaida C:\ProgramData. Kwa kazi za ratiba, chagua hii bila kusita. Ila ina mtego: mtumiaji wa kawaida anaweza kuunda faili humo, lakini hawezi kuongeza mstari kwenye faili la mwenzake: Add-Content, amri ya kuongeza mstari, inakataliwa. Folda yako ya logi (hapa Skripti) ikishakuwepo, msimamizi aendeshe mara moja amri hii ya kuwapa watumiaji wote ruhusa ya kuandika:

icacls "C:\ProgramData\Skripti" /grant "*S-1-5-32-545:(OI)(CI)M"

Namba S-1-5-32-545 ni kundi la Users (watumiaji), hata Windows ikiwa ya Kifaransa na jina la kundi likiwa tofauti.

Kote kuwili, anza kwa kuunda folda na New-Item -ItemType Directory -Force, kwa sababu Add-Content huunda faili tu, si folda.