Cute Chess: inamaliza vizuri mechi zisizoisha, ila ukiiachia kila kitu itakupa namba za uongo

Wakuu, hii ni kwa wale wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na wa mtaani hapa Dodoma mnaoandika injini zenu za chesi, yaani programu zinazocheza chesi zenyewe, maana kila siku mtu anatangaza injini yake imepanda kisa imeshinda mechi kumi. Cute Chess ni programu ya bure, inakubali Windows na Linux, kazi yake ni kupambanisha injini usiku kucha na kukupa matokeo asubuhi. Mimi naipa nyota nne kati ya tano.

Kilichonifurahisha zaidi ni inavyoamua mechi zinazotaka kuburuzwa. Zamani mechi isiyoisha aliitwa mchezaji mzito aitazame aseme nani angeshinda. Hapa unaiwekea sheria mwenyewe, mfano kuanzia hatua ya 40, kama injini zote mbili zinaona tofauti haizidi sehemu 10 za mia za kitunda (ile kete ndogo kabisa, ndiyo kipimo cha nani anaongoza) kwa hatua 8 mfululizo, iandike droo. Au injini ikijiona iko nyuma kwa thamani ya vitunda 6 hatua 3 mfululizo, imepigwa, twende mechi nyingine. Bila hivyo mfalme na ngome kila upande watazungushana mpaka sheria ya hatua 50 (hatua 50 bila kete kuliwa wala kitunda kusogea ni droo) iwaokoe, na umeme unaliwa tu.

Sasa hapa ndo pa kuwa makini. Usipoigusa, sheria ya kushindwa inasikiliza upande mmoja tu, yule anayejiona amekufa. Kuna injini ya kijana mmoja hapa ina woga kupita kiasi, malkia wa adui akisogea tu karibu na mfalme wake inaandika hasi 7, yaani iko nyuma vitunda 7, wakati mpinzani kwenye faili hilohilo la PGN (faili linalotunza hatua za mechi) kaandika 0.30, yaani mechi bado mbichi kabisa, na programu ikampa kipigo. Halafu unasema injini dhaifu! Hapo kilichopimwa ni woga wake, uchezaji wenyewe haujapimwa. Washa chaguo la twosided (pande mbili), ili wote wawili wakubaliane kwanza.

Na hata wakikubaliana wanaweza wakakosea wote, hasa injini changa. Askofu na kitunda cha pembeni kabisa, ila askofu si wa rangi ya ile nyumba ya kona kitunda kinapogeukia malkia: mfalme wa adui akiwahi kona hiyo hatolewi, ni droo, lakini injini zisizojua zinahesabu tu kete na kumtangaza mshindi. Dawa yake ni faili za Syzygy, zenyewe zina jibu kamili la mwisho wa mchezo, na Cute Chess inazisoma. Za hadi kete 5 ni kama GB 1 tu, bando la kawaida linatosha. Za kete 6 zinafika kama GB 150, hizo achana nazo.

Kwenye nguvu ya mchezaji programu ni mkweli kuliko wanaoitumia. Inakupa tofauti ya Elo (alama za nguvu ya mchezaji) pamoja na kiasi inachoweza kukosea, ila watu wanasoma namba ya kwanza wanafunga laptopu. Mechi 100 ukipata pointi 55 ni kama Elo 35 juu, lakini kosa lenyewe linaweza kuzidi 50 kila upande, kutegemea droo ni ngapi, kwa hiyo hujathibitisha kitu, na kulipunguza kosa hilo nusu unahitaji mechi mara nne. Mi natumia SPRT, kipimo cha takwimu kinachokagua matokeo mechi zikiendelea, inasimama yenyewe ushahidi ukitosha. Na tafadhali, Elo hiyo ni kati ya injini hizo mbili tu, usiilinganishe na ya binadamu inayotolewa na FIDE, shirikisho la chesi la dunia.

Nyota niliyokata ni kwa sababu mambo mengi ya kupima yapo kwenye ile ya kuandika amri, ile yenye vitufe haikufikishi huko, na maelezo ni Kiingereza kitupu, anayeanza atateseka. Pia usiendeshe mechi nyingi kwa pamoja kuliko uwezo wa prosesa, hasa mchana na joto letu hili, injini zitaanza kupigwa kwa kuishiwa muda badala ya mchezo. Umeme ukikatika katikati, mechi yenye alama ya nyota kwenye PGN haijaisha, usiihesabu kama droo.

Aliyepo Dodoma akitaka Syzygy za kete 5 aje tu na flashi ya GB 2, nitamwekea bure.