Blichi ya nywele nyeusi: ununue ipi ukiamua kujitia mwenyewe nyumbani

Kila mwaka Desemba inapokaribia hunijia dada mmoja au wawili waliojifunga kitambaa kichwani, na wakikifungua nakuta nywele zimekatika kuanzia utosini. Maelezo yao hayatofautiani sana. Alinunua blichi, akapaka, akaona inachelewa kung'aa, akaongeza nyingine juu yake. Mimi ni msusi, na katika kazi zote za saluni rangi ndiyo niipendayo zaidi, kwa hiyo simwambii mtu asijaribu. Ninachotaka ni anunue kitu kinachofaa kabla hajachanganya chochote.

Tuelewane kwanza kuhusu neno lenyewe. Blichi ninayoizungumzia ni ya nywele za kichwani. Jik ya kufulia haihusiki kabisa, hata kwa tone moja. Krimu ndogo za kung'arisha vinyweleo vya usoni nazo si za kichwa, ingawa ukisema "blichi" tu dukani unaweza kukabidhiwa hizo. Sema "blichi ya nywele, ya poda, na maji yake."

Hayo maji ndiyo yanayoamua kama utabaki na nywele au la. Poda peke yake haifanyi kazi. Inachanganywa na maji mazito meupe ambayo saluni tunayaita devlopa, na ndani yake kuna haidrojeni peroksaidi. Kwenye chupa kuna namba: 10 ni asilimia 3 ya peroksaidi, 20 ni asilimia 6, 30 ni asilimia 9, na 40 ni asilimia 12. Wanunuzi wengi huchagua poda kwa makini, kisha wanachukua maji yoyote waliyopewa, na mara nyingi wanapewa 40 kwa sababu "yanawahi." Ni kweli yanawahi, lakini yanawahi kung'arisha na yanawahi kuunguza pia.

Nywele nyeusi haziruki kutoka weusi hadi njano kwa hatua moja. Weusi ule unapovunjwa, kwanza unaona rangi ya udongo mwekundu, halafu rangi ya papai bivu, halafu njano, na mwisho njano ile hafifu ya ndani ya ganda la ndizi mbivu. Hapo ndipo mwisho wa safari. Ukilazimisha zipite hapo, unyweleo wenyewe unayeyuka. Nywele zilizofika huko ukizishika zikiwa mbichi zinavutika kama tambi zilizoiva kupita kiasi, kisha zinakatika. Watu wengi wanaochukia rangi ya papai hawakukosea kununua; waliacha safari katikati, na wangeimaliza siku nyingine, baada ya wiki kadhaa.

Sasa nipange bidhaa kuanzia ile ningemnunulia mdogo wangu.

Ya kwanza: poda ya pakiti ndogo, na maji namba 20 ukayanunua kando. Ukinunua hivi, nguvu ya maji unaiamua wewe. Poda nyingi nzuri zina rangi ya buluu au zambarau, ambayo husaidia kupunguza unjano. Blondor ya Wella ni mfano wa zile zinazotumika saluni. Inang'arisha hadi ngazi 7, yaani hatua za kutoka weusi kwenda njano hafifu, na ngazi hizo zinatosha kuondoa weusi kwa awamu. Kipimo cha kawaida cha poda nyingi ni sehemu moja ya poda kwa sehemu mbili za maji, kwa mfano gramu 30 kwa mililita 60, lakini fuata kilichoandikwa kwenye pakiti yako. Usishawishike na kopo la nusu kilo kwa sababu ya bei. Poda iliyofunguliwa hunyonya unyevu wa hewa na kupoteza nguvu, hasa huku pwani, na poda iliyochoka humfanya mtu aiache kichwani muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Iangalie kabla ya kulipa: pakiti iwe imefungwa sawasawa, poda isiwe na mabonge, tarehe ya mwisho isomeke bila kufutwafutwa. Tanzania vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019, na bidhaa isiyo na maelezo ya mtengenezaji wala viambato hata usiiguse.

Kuna watu wanaopimiwa poda kutoka kwenye kopo la duka na kufungiwa kwenye mfuko mweupe wa nailoni. Naomba sana usinunue hivyo. Hujui ni poda gani, imefunguliwa lini, wala inataka kipimo gani.

Ya pili: blichi ya krimu. Hii ni nzito kama losheni, haitiririki, haitoi vumbi, na nyingi huwa na mafuta ndani. Kwa anayeanza, ambaye mkono bado haujazoea brashi, krimu inasamehe makosa. Nimeiweka ya pili kwa sababu nyingi hazing'arishi kwa kiasi cha poda, ni adimu madukani, na bei iko juu. Ukiipata, na unachotaka ni kahawia ya dhahabu na si njano kali, iweke mbele ya poda. Mtu mwenye pumu naye aanzie hapa, baada ya kumuuliza daktari wake, kwa sababu vumbi la poda lina chumvi za pasalfeti ambazo zinajulikana kuwaletea wasusi pumu ya kazini.

Ya tatu: boksi kamili, lenye poda, maji, glovu na karatasi ya maelekezo. Faida yake ni hiyo karatasi, maana watu wengi hawajawahi kusoma maelekezo ya blichi maishani mwao. Hasara yake ni kwamba maji yaliyomo umechaguliwa, na mara nyingi ni 30 au 40. Geuza boksi utafute namba. Isipoonekana popote, rudisha. Boksi moja pia halitoshi kichwa chenye nywele nyingi, na dawa kuisha katikati ni balaa: upande mmoja unakuwa papai na mwingine udongo. Nywele zikipita mabega nunua mawili, ya toleo moja.

Ya nne: rangi ya kudumu ya ngazi za juu, ile yenye picha ya mwanamke wa nywele za dhahabu. Kwenye nywele nyeusi tii haitakupa picha ile; itakupa kahawia yenye wekundu, basi. Lakini kama kahawia ndiyo uliyokuwa ukiitaka, umeokoa pesa na nywele, huhitaji blichi. Jambo moja tu: kama nywele zimeshapakwa rangi nyeusi ya dukani, hii haitaiondoa. Rangi haiondoi rangi.

Ya mwisho: sprei za kung'arisha kwa jua au draya, pamoja na limau. Zinatoa mabaka mekundu kwenye nywele zetu, na limau linakausha. Sizipendekezi kwa yeyote.

Maji namba 40 hayamo kwenye orodha yangu. Wala peroksaidi ya kuoshea vidonda ya duka la dawa, ambayo ni maji matupu yanayotiririka hadi machoni.

Kabla ya kulipa, kijue kichwa chako, kwa sababu bidhaa ileile inayompendeza jirani inaweza kukuharibu wewe. Kama nywele ni za dawa, usitie blichi. Najua wapo waliotia na wakapona, lakini dawa ya kulainisha imeshavunja viunganishi vilivyoubana unyweleo, na blichi inakuja kuvunja vilivyobaki. Suka, subiri nywele mpya ziote, kata zile za dawa, ndipo urudi dukani.

Waliotumia hina, piko au rangi nyeusi ya unga, sikilizeni vizuri. Hina safi ya majani haina hatari kubwa, ila huacha uchungwa usiotaka kutoka. Hatari iko kwenye hina za kuchanganywa na rangi nyeusi zenye chumvi za metali: zikikutana na peroksaidi zinaweza kuchemka kichwani na kutoa joto la kuunguza. Kata kishungi kidogo cha nywele nyuma ya sikio, kipake mchanganyiko kwenye kikombe cha plastiki, usubiri nusu saa. Kikipata moto, kikitoa moshi au kikikatika, blichi si yako kwa sasa. Jaribio hilohilo, hata kwa nywele zisizo na historia yoyote, litakuonyesha rangi utakayopata na dakika utakazohitaji. Ngozi nayo ipime: paka tone ndani ya kiwiko saa 48 kabla.

Wenye rasta, poda hujificha ndani ya nywele na ni vigumu kuisuuza yote, hivyo ncha tu zinatosha. Wenye kipilipili cha asili, nywele zenu ni kavu tayari; pitisheni wiki mbili za stimu na kondishona kabla. Na aliyenyoa fupi ndiye mwenye bahati kuliko wote, mwanamke kwa mwanamume. Nywele zake ni mpya, hazijawahi kuguswa, poda kidogo inamtosha, na ikiharibika mwezi mmoja zimeota nyingine.

Vifaa vingine si vya gharama: bakuli la plastiki (la bati au alumini hapana), brashi, glovu, Vaseline ya kupaka pembeni ya uso na masikioni, na mzani mdogo wa jikoni ukiweza. Pesa iliyobaki iweke kwenye tritimenti ya kuunganisha nywele. Olaplex ilipoingia sokoni 2014 ilibadilisha kazi yetu, na sasa zipo za kampuni nyingi. Haifufui nywele iliyokufa, ila inapunguza sana kukatika. Shampuu ya zambarau inafaa kwa aliyefika njano. Aliyeishia kwenye papai anahitaji ya buluu, na wengi hununua zambarau wakashangaa haifanyi kitu.

Usioshe kichwa siku moja au mbili kabla, mafuta ya asili yanailinda ngozi. Siku yenyewe fungua madirisha. Na jaza ndoo mbili za maji kabla hujachanganya chochote. Hili nalisisitiza kwa sababu lilinipata nyumbani nikimtia dada yangu: dakika ya 30 bomba likakauka, tukabaki tunagonga milango ya majirani huku kichwa kinamuwaka. Ngozi ilimchubuka, na kovu dogo analo hadi leo.

Gawa kichwa sehemu nne. Anza sentimita mbili kutoka kwenye ngozi kwenda ncha, na mizizi iwe ya mwisho kabisa, kwa sababu joto la kichwa huifanya ing'ae haraka. Usikae juani wala chini ya draya. Feni nayo usiielekeze kichwani. Blichi ikikauka inaacha kufanya kazi. Angalia kila baada ya dakika tano, na usizidishe muda ulioandikwa kwenye pakiti hata kama rangi haijafika. Kuwashwa kidogo ni kawaida. Kuungua si kawaida: suuza palepale kwa maji ya uvuguvugu mengi. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi dakika 15 mfululizo kisha nenda hospitali. Mchanganyiko uliobaki mwaga. Ukiufunga kwenye chupa unatoa gesi na unaweza kupasuka.

Kama maji yako ni ya kisima yenye chumvi, suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua au ya kununua, kisha tritimenti, na upumzishe nywele wiki nne hivi kabla ya awamu ya pili. Mizizi ikiota baada ya hapo, paka mizizi peke yake. Zile zilizokwishang'aa usizirudishie blichi tena.