Kufuta Kanuni Zilizopitwa na Wakati: Tathmini ya Huduma ya Hataza ya Marekani

Ubora wa huduma ya Ofisi ya Hataza na Alama za Biashara ya Marekani, inayotoa hataza (haki ya mvumbuzi ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake kwa muda), hauonekani kwenye tovuti yake pekee, bali pia katika rundo la kanuni ambazo mvumbuzi hulazimika kuzipekua kabla ya kuwasilisha ombi. Kwa kigezo hicho, kazi ya kufuta kanuni zilizochakaa inastahili pongezi, ingawa haijakamilika.

Mfano mzuri ni usajili wa uvumbuzi usioambatana na haki ya hataza, uliomwezesha mtu kuutangaza uvumbuzi wake ili asitokee mwingine wa kuuhodhi. Tangu mwishoni mwa 2000 maombi mengi huchapishwa miezi 18 baada ya kuwasilishwa, kwa hiyo usajili huo ulikuwa umebaki bila kazi, na sheria ya 2011 ikauondoa. Huko ndiko kufuta kwenye manufaa: mwombaji anapunguziwa mlango usioelekea popote.

Upande wa vitendo, hataza hutolewa kielektroniki tangu Aprili 18, 2023, na Novemba mwaka huo mifumo miwili ya zamani, wa kuwasilisha na wa kufuatilia maombi, iliupisha mmoja uitwao Patent Center. Hata hivyo, tangu Januari 2024 anayewasilisha maelezo ya ombi la kawaida kwa PDF badala ya DOCX (aina ya faili la Word) hutozwa ada ya ziada. Utaratibu mmoja umeondoka, mtego mwingine umetegwa.

Tatizo gumu zaidi ni kanuni zinazoonekana mfu ilhali zingali zinapumua. Machi 16, 2013 Marekani iliacha kumpa haki aliyevumbua kwanza na kuanza kumtazama aliyetangulia kuwasilisha, lakini maombi ya kabla ya tarehe hiyo bado yanahukumiwa kwa utaratibu wa kale, na kwa kuwa hataza hudumu miaka 20 tangu kuwasilishwa, baadhi yake zinaweza kufika 2033 au kupita hapo. Kuzifuta kanuni hizo leo ni kuwaacha wenye hataza hizo gizani. (Hata sharti la kuleta kielelezo cha mtambo, lililoachwa tangu karne ya 19, bado linaweza kumfuata anayedai kuunda mashine isiyosimama milele, na hapo siwalaumu wakaguzi.)

Kasoro ninayoiona ni kwamba kanuni za zama hizo mbili zimewekwa bega kwa bega, zikitofautishwa kwa maneno machache tu ya kichwa, na mvumbuzi asiye na wakili anaweza kusoma kurasa nyingi zisizomhusu kabla ya kuligundua hilo.