Emacs ya tawi la master: uzoefu wangu wa kusasisha na kujenga upya

Emacs, programu ya kuhariri maandishi na msimbo, ninayoitumia kila siku naijenga mwenyewe kutoka tawi la master, yaani mstari mkuu wa msimbo ambako maendeleo mapya huingia. Ukikagua toleo lake utakuta namba inaishia na 0.50, ndiyo alama kwamba bado linatengenezwa.

Kazi kubwa iko mwanzoni. Hazina ya msimbo ipo Savannah, tovuti ya mradi wa GNU, ilihamia Git (mfumo wa kufuatilia mabadiliko ya msimbo) mwaka 2014 ikitokea Bazaar, mfumo mwingine wa aina hiyo, na imebeba historia ya tangu miaka ya 1980, kwa hiyo kuipakua nzima kunakula bando. Ukiongeza --depth 1 kwenye git clone, upate hali ya mwisho tu bila historia, mzigo unapungua sana, ila git bisect haitakufaa siku utakapotaka kujua hitilafu iliingia lini. Mimi nilichukua nzima. Kisha ni ./autogen.sh inayoandaa configure, ./configure inayokagua mashine yako ina nini, na make inayojenga programu yenyewe. Configure ikikosa gnutls, maktaba ya mawasiliano salama, inagoma mpaka uiweke au uiambie wazi kuwa huitaki. Soma muhtasari inaoutoa mwishoni. Wengi wanauruka, halafu wanashangaa mbona picha hazifunguki.

Kusasisha sasa. Siku nyingi git pull (kuvuta mabadiliko mapya) na make vinatosha, kwa sababu make hukompaili, yaani hutafsiri msimbo uweze kuendeshwa, kilichobadilika tu. Taabu huja upande wa Lisp, lugha iliyoandikiwa sehemu kubwa ya Emacs. Faili ya .el ikikompailiwa kuwa .elc, makro zote ilizozitumia (vifupisho vya msimbo) huwa zimeshapanuliwa kuwa msimbo kamili ndani yake. Makro ikibadilishwa kesho kwenye faili nyingine, ile .elc haiguswi, na make inaiona iko sawa tu. Hapo ndipo unapata makosa yasiyo na kichwa wala miguu, kwenye sehemu ambayo hakuna aliyeihariri. Hivyo ni viporo, na dawa yake ni make bootstrap: inafuta vilivyokompailiwa na kuanza upya. Inachukua muda, hasa kama umewasha ukompailishaji wa kwenda msimbo wa mashine, uliokuja na toleo la 28. Hata hivyo sijaona haja ya kuihangaikia make inayolalamika. Nikiona kosa la ajabu naenda bootstrap moja kwa moja. Ikishindikana kabisa ipo git clean -fdx, lakini hiyo inafagia kila kisichokuwa cha hazina, pamoja na faili zako ulizojihifadhia humo. Tanguliza git clean -ndx uone itafuta nini.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kwamba hulazimiki kusakinisha ndipo ujaribu. src/emacs -Q inafunguka palepale kwenye folda ya ujenzi, bila mipangilio yako, huku ile ya jana ikiendelea na kazi zako. Nikiridhika ndipo napiga make install. Kabla ya hapo napitia git log ORIG_HEAD.. (ORIG_HEAD ni pale nilipokuwa kabla ya git pull) kuona kilichoingia, na etc/NEWS kwa mabadiliko yanayomgusa mtumiaji.

Uimara? Emacs yenyewe hainisumbui kama vifurushi vya nje, ambavyo huchelewa kufuata mabadiliko ya master. Kama kazi yako haivumilii hilo, chukua tawi la toleo, mfano emacs-30, linalopokea zaidi marekebisho. Ukibaki master, ripoti hitilafu unazokutana nazo kwa M-x report-emacs-bug; inajaza yenyewe toleo lako na namna ulivyolijenga, na marekebisho yakishaingia kwenye tawi unayapata kwa git pull inayofuata.