Benchi la nyuma kwanza: Maverick, Santa Cruz, RAV4, CR-V na Sienna kwa familia ya gari moja

Familia inayoishi Columbus, Minneapolis au Dallas, yenye watoto wawili au watatu na kibarua cha mwisho wa juma kinachohitaji kubeba vitu, iwe masufuria ya sherehe, samani za mtu anayehama au magunia ya mchele kutoka duka la jumla, inapokwenda kununua gari jipya leo hukuta chaguo ambalo kwa miaka kadhaa lilikuwa limetoweka kwenye soko la Marekani. Pikapu ndogo imerudi. Ford Maverick na Hyundai Santa Cruz ziliingia sokoni mwaka 2021 kama matoleo ya 2022, zote zikiwa na milango minne, viti vitano na bodi fupi ya mizigo, na bei zilizowafanya watu waliozoea Toyota RAV4 na Honda CR-V wasite kidogo kabla ya kutia sahihi. Nimeyaendesha magari haya pamoja na Toyota Sienna, mjini na kwenye barabara kuu, huku nikifunga na kufungua viti vya watoto. Ninachotaka kusema ni kwamba kwa familia yenye gari moja, ubishi kuhusu injini umekwisha, kwa kuwa mfumo mseto wa petroli na umeme ndio wa kununua. Kinachobaki kuamuliwa ni umbo la gari, na umbo hilo lipimwe kwenye benchi la nyuma kabla ya kupimwa kwenye bodi ya mizigo.

Wengi wetu tuliokulia Afrika Mashariki tukisikia neno pikapu tunaiona Hilux, tukashangaa kwa nini haiuzwi hapa. Sababu moja kubwa ni ushuru. Mwaka 1964 Marekani ilianza kutoza asilimia 25 kwa malori mepesi yanayotoka nje, ikijibu ushuru ambao nchi za Ulaya Magharibi ziliuweka kwa kuku wa Kimarekani, na ingawa ugomvi wa kuku ulisahaulika, ushuru wa malori ulibaki. Ndiyo maana pikapu hizi mbili zinaundwa karibu: Maverick huko Hermosillo, Mexico, na Santa Cruz huko Montgomery, Alabama. Tofauti nyingine na Hilux iko chini ya gari. Hilux imekalia chasisi ya ngazi, yaani fremu ya vyuma inayojitegemea chini ya gari, ilhali hizi mbili zimejengwa kama magari ya familia, mwili wa gari na chasisi zikiwa kitu kimoja, Maverick ikitumia msingi ule ule wa Ford Escape na Santa Cruz ikiwa ndugu wa Tucson. Kwa hiyo zinatulia barabarani kama magari madogo, wala hazirukiruki zikiwa tupu. Asiwepo mtu wa kuzinunua akitegemea ustahimilivu wa Hilux kwenye barabara ya vumbi na mashimo yenye mzigo wa tani moja.

Mfumo mseto unastahili maelezo ya kina, maana ndipo hofu ya wanunuzi ilipo. Watu wakiona kwenye karatasi ya gari kwamba gia ni ya aina ya CVT, yaani gia isiyo na hatua, hukumbuka gia za mkanda ambazo katika magari mengi ya kawaida zimewagharimu wenyewe fedha nyingi. Mfumo wa Toyota, na ule wa Ford unaofanana nao sana, hauna mkanda huo. Kuna seti ya gia za sayari, yaani gia ndogo zinazoizunguka gia ya katikati, inayounganisha injini na mota mbili za umeme; mota moja huwasha injini na kuzalisha umeme, nyingine husukuma magurudumu, na kompyuta hugawa kazi kati yao kila wakati. Hakuna klachi ya kuungua wala gia za kuparuza. Toyota imekuwa ikiuboresha mpango huu tangu Prius ya kwanza ilipouzwa Japani mwaka 1997, na kwa muda huo umeonyesha uimara wake hata katika teksi zinazokesha barabarani. Honda imechukua njia yake: katika CR-V injini kwa kawaida huzungusha jenereta, jenereta hulisha mota, na mota ndiyo inayosukuma magurudumu, mpaka gari lifike mwendo wa barabara kuu ambapo klachi huiunganisha injini moja kwa moja na magurudumu. Ndiyo sababu CR-V huondoka kwenye taa za barabarani kwa ulaini ambao RAV4 ya kizazi kilichopita haiufikii, kwani RAV4 ukiikanyaga kwa nguvu hupandisha sauti ya injini kabla mwendo haujaja.

Faida ya mseto huonekana zaidi mjini. Gari linapopunguza mwendo, mota hugeuka jenereta na kurudisha kwenye betri nguvu ambayo gari la kawaida huipoteza kama joto la breki. Kwenye barabara kuu hakuna cha kurudisha, na upepo ndio adui. Angalia takwimu rasmi za Maverick mseto ya 2022, inayovuta kwa magurudumu ya mbele: maili 42 kwa galoni mjini na 33 kwenye barabara kuu, yaani takriban kilomita 18 na 14 kwa lita. CR-V mseto inayovuta kwa mbele ina 43 na 36. RAV4 mseto ya kizazi kilichoishia 2025 ina 41 na 38 ingawa inavuta kwa magurudumu yote manne. Sienna, gari kubwa kuliko hayo yote, ina 36 mjini na 36 barabara kuu. Anayefanya kazi ya kusambaza chakula mjini atavuna zaidi kuliko anayekwenda ghala lililo mbali kwa mwendo wa maili 75 kwa saa. Msimu wa baridi nao hukata faida, kwa sababu injini hulazimika kuwaka ili kupasha joto ndani ya gari hata pale ambapo betri ingetosha.

Sasa Maverick yenyewe. Naipenda, na sababu ziko wazi. Bodi yake ina urefu wa futi nne na nusu, na ubunifu wake ni wa watu wanaofanya kazi kwa mikono. Kwenye kuta za ndani zimeachwa nafasi za kuchomeka mbao, ukagawa bodi sehemu mbili au ukaweka sakafu ya juu kwa mbao za kawaida za duka la vifaa vya ujenzi bila kununua kifaa chochote cha kampuni. Ubao wa nyuma ukifungwa nusu, unalingana na sehemu ya juu ya matao ya magurudumu, hivyo mbao pana za futi nne kwa nane hulala bapa bila kupinda. Inabeba kilo 680 hivi, abiria wakihesabiwa. Kuvuta trela, ile ya mseto ilikuwa na kikomo cha pauni 2,000, karibu kilo 900, na kuanzia toleo la 2025 Ford ilianza kuuza mseto inayovuta kwa magurudumu yote manne, pamoja na kifurushi kinachofikisha pauni 4,000. Mabadiliko hayo yaliondoa sababu kuu iliyokuwa ikiwapeleka wakazi wa kaskazini kwenye theluji, waliohitaji magurudumu yote manne, kwenye injini ya turbo isiyo mseto.

Lakini fungua mlango wa nyuma. Betri ya mseto iko chini ya benchi, na benchi limesogezwa kuipisha. Nafasi ya miguu ni inchi 35.9, yaani sentimita 91, ikiwa pungufu kwa inchi nzima kuliko Maverick ya turbo. Mgongo wa benchi unasimama wima kwa sababu nyuma yake kuna ukuta wa kabini. Ukifunga kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma, aliyekaa mbele yake analazimika kusogeza kiti hadi magoti yakaribie dashibodi, na mtu mrefu hawezi kusafiri hivyo kwa saa tatu. Viti viwili vya watoto vinaingia, vitatu kwa shida sana, na bibi aliyekuja kutembea kutoka Tanga au Kisumu hana pa kukaa. Linganisha na CR-V, ambayo nafasi yake ya miguu nyuma ni inchi 41, sentimita 104, na milango yake ya nyuma hufunguka karibu pembe mraba, kwa hiyo mzazi anaingiza kiti pamoja na mtoto aliyelala bila kumgonga kichwa. RAV4 iliyoishia 2025 iko katikati ikiwa na inchi 37.8.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Bodi ni wazi. Mkoba wa mtoto, mchele, nguo za harusi, vyote vikinyeshewa mvua au kuachwa kwenye maegesho vinahitaji kifuniko, na kifuniko kizuri ni gharama ya ziada. Hapa Santa Cruz inashinda, kwa kuwa kifuniko chake cha kuvuta kinachofungwa kwa kufuli kimebuniwa pamoja na gari, na chini ya sakafu ya bodi kuna shimo la kuhifadhia vitu lenye tundu la kutolea maji. Ikiwa na injini ya turbo inavuta hadi pauni 5,000. Kwa bahati mbaya Hyundai haikuipa mfumo mseto, na ile ya turbo inayovuta kwa magurudumu yote manne imepewa maili 22 tu kwa galoni, kwa wastani wa mjini na barabara kuu. Familia inayotembea maili 15,000 kwa mwaka itanunua galoni zipatazo 680, dhidi ya takriban 405 za Maverick mseto ya 2022. Kwa petroli ya dola tatu galoni, hiyo ni zaidi ya dola 800 kila mwaka. Siwezi kuipendekeza kwa mtu anayehesabu matumizi ya nyumba.

Kati ya CR-V na RAV4, uamuzi ni mgumu zaidi. CR-V ina nafasi, utulivu na usukani mwepesi. Kasoro zake ni mbili: mseto hauna tairi la spea, umewekewa pampu na dawa ya kuziba tundu, jambo linalonikera kwa sababu dawa hiyo haisaidii ubavu wa tairi ukichanika; tena uwezo wake wa kuvuta trela ni pauni 1,000 tu. RAV4 ya 2026 ni kizazi kipya kinachouzwa kwa mfumo mseto peke yake, wa kawaida au wa kuchaji kwa waya, na huo wa kuchaji unaweza kwenda takriban maili 50 kwa umeme. Ambaye ana gereji yenye umeme na kazi iliyo karibu atapita siku nyingi bila kuigusa petroli. Anayekaa ghorofani bila pa kuchaji achukue ule wa kawaida na kuokoa fedha zake.

Anayetafuta RAV4 mseto iliyotumika, ya 2019 hadi 2022, apige magoti aangalie waya mnene wa rangi ya chungwa unaokwenda kwenye mota ya nyuma. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji iliingia kwenye kiungo cha waya huo na kukila katika baadhi ya magari, na Toyota ikarefusha dhamana ya sehemu hiyo. Chini ya benchi la nyuma kuna tundu la hewa ya kupozea betri, lenye kichujio. Makombo ya biskuti na nyuzi za zulia zikiliziba, betri hupata joto na kuchakaa mapema. Kulisafisha ni kazi ya dakika chache. Upande wa Maverick, mseto za mwanzo ziliitwa kurekebishwa mwaka 2022 kwa sababu ya hatari ya moto injini inapoharibika, na Honda iliita magari mengi, CR-V ikiwemo, mwaka 2024 kwa tatizo la usukani kukwama kidogo. Namba ya chasisi ikiingizwa kwenye tovuti ya serikali ya usalama barabarani, NHTSA, inaonyesha bure kama kazi hiyo bado haijafanywa.

Kuhusu betri kubwa inayowatisha wengi, Toyota huidhamini kwa miaka 10 au maili 150,000 katika magari yake mseto yanayouzwa Marekani tangu toleo la 2020, na Ford kwa miaka 8 au maili 100,000. Mnunuzi wa gari jipya hana sababu ya kukosa usingizi.

Mwenye watoto wanne, au watatu na mzazi anayeishi naye, aachane na mjadala wote huu aende kwenye Sienna. Tangu 2021 huuzwa kama mseto tu, ina viti saba au nane, milango ya kutelezesha ambayo haigongi gari la jirani, na viti vya nyuma kabisa vikizamishwa sakafuni inapatikana nafasi ya kupakia sufuria za pilau za watu mia. Waliozoea Noah na Alphard watajisikia nyumbani. Bei yake huanzia karibu na dola 40,000, na katika baadhi ya maeneo orodha ya kusubiri imewahi kuwa ndefu, lakini kwa familia ya aina hiyo hakuna gari jingine hapa linalofanya kazi zote mbili.

Neno kwa wanaofikiria kulipeleka gari nyumbani baadaye: Kenya haisajili magari ya kawaida yenye usukani wa kushoto, na huweka kikomo cha umri wa miaka minane kwa magari yaliyotumika. Gari la Marekani linunuliwe kwa matumizi ya Marekani.

Kwa gari moja la familia ya watoto wawili au watatu ningenunua CR-V mseto, nikakodi trela ndogo au gari la mizigo siku chache za mwaka ambazo kabati au jokofu linahitaji kuhamishwa. Maverick mseto ningeinunua kesho kama gari la pili, kwa fundi, mpishi wa sherehe au mkulima wa bustani ambaye watoto wake wamekwisha toka kwenye viti vya watoto. Ilipoanza iliuzwa chini ya dola 20,000. Toleo la 2025 lilianzia zaidi ya 26,000, na kwa bei hiyo mpya inafaa kuidai kwa bei iliyoandikwa kiwandani, bila nyongeza ya muuzaji na bila vifurushi vya kupaka nta na kuchonga namba kwenye vioo vinavyopenyezwa kwenye mkataba ofisini mwa mikopo.