Uzoefu wangu: komiki saba za masupahiro ninazozikubali kuliko zote, na kwanini ukiangalia movie bado hujaziona

Wadau habari za muda huu. Hapa Arusha kila nikikaa na machalii tukigusa habari za masupahiro mjadala unaishia palepale, nani ana nguvu kuliko nani, Superman akikutana na Thor nani analala, na karibu wote tumewajua kupitia zile movie zilizotafsiriwa za kuwekewa kwenye flashi. Sina ubaya nazo, nimekulia humo. Ila mimi kazi yangu ni kuchora, naandika mabango na kuprint tisheti pale Ngarenaro, na kilichonivuta kwenye komiki zenyewe ni kazi ya mkono wa mchoraji. Kwahiyo orodha yangu ina sheria moja tu. Hadithi ambayo naweza kukusimulia kwa mdomo kwenye kifodi, yani daladala, kutoka Sakina mpaka mjini na ukashuka umeipata yote, hiyo haiingii hata kama ni tamu kiasi gani. Inaingia ile ambayo nikimaliza kusimulia lazima nitoe simu nikwambie hebu ngoja kwanza, angalia huu ukurasa.

Na hapo kwenye simu niseme kitu mapema. Nyingi nimesoma kwenye tableti, kuna programu ya kulipia kwa mwezi tunachangiana na jamaa zangu, na chache ninazo za karatasi, nyingine kutoka kwa wauza vitabu vya mtumba na nyingine aliniachia mtalii aliyekuwa ameshuka mlimani akaja kuprint tisheti za kundi lake. Hizi programu zina ule mtindo wa kukuonyesha fremu moja moja ikiwa imekuzwa. Uzime, tafadhali. Mchoraji alikaa akapanga fremu ipi iwe kubwa, ipi ndogo, ipi ipo chini kabisa pembeni, sasa ukizikata moja moja umebaki na picha na maneno basi, komiki yenyewe imepotea. Ni bora usome kwa kuvuta vuta na vidole ila ukurasa mzima uwe umeuona kwanza.

Ya saba ni Panther's Rage, hadithi ya Black Panther, yani T'Challa, mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika, ilitoka kwenye Jungle Action toleo la 6 mpaka la 18, 1973 mpaka 1975. Kaandika Don McGregor, mchoraji wa mwanzo alikuwa Rich Buckler alafu akashika Billy Graham, Mmarekani mweusi, na huyu ndiye ninayemzungumzia. Wengi mnamjua Killmonger, adui yake, wa movie ya 2018, huyu wa kwenye komiki ndo wa kwanza na anamtupa T'Challa kwenye maporomoko ya maji kwenye sura ya kwanza kabisa. Ninachopenda ni kwamba hadithi karibu yote ipo Wakanda kwenyewe, wahusika karibu wote weusi, miaka hiyo ya 70 hakuna aliyekuwa anafanya hivyo kwenye makampuni makubwa, na mfalme anaumia kweli, nguo zinachanika, damu inamtoka, kila sura anatoka ameharibika zaidi. Kuna sehemu T'Challa yupo kwenye theluji, na nimeona wasomaji wa mbali wanaichukulia kama kituko cha kubuni tu, theluji Afrika, lakini sisi wa huku siku ikiwa safi asubuhi Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ile pale nyeupe, kwahiyo nilipofika hapo nilisoma kama mtu anayesoma habari za nyumbani. Imekuwa ya saba kwasababu McGregor anaandika maneno mengi mno, kuna kurasa viboksi vya maandishi vimefunika mchoro wa watu, na mimi hilo linaniuma.

Ya sita, Lifedeath, Uncanny X-Men 186 ya 1984, Chris Claremont na Barry Windsor-Smith. Hii ni ya Storm, yule wa kundi la X-Men anayeamuru mvua na upepo. Na Storm kwetu sio wa mbali, mama yake ni Mkenya, na kwenye Giant-Size X-Men ya 1975 alipotokea kwa mara ya kwanza alikuwa Kenya watu wanamuomba mvua. Humu nguvu zake zimeondolewa na silaha, anatunzwa nyumbani kwa bwana anayeitwa Forge, wanaanza kupendana, alafu anagundua kwamba silaha hiyo aliitengeneza Forge mwenyewe. Ngumi karibu hakuna. Windsor-Smith anachora kwa mistari midogo midogo ya kalamu, yani unaona kabisa mtu aliyezoea kupaa anavyokaa kwenye kiti akiwa hana mahali pa kuupeleka mwili wake. Wanaosema komiki za X-Men ni fujo tupu wasome hii.

Ya tano ni All-Star Superman, matoleo 12, 2005 mpaka 2008, Grant Morrison kaandika na Frank Quitely kachora. Superman ameokoa watu karibu na jua, amekula mionzi kupita kiasi na sasa anakufa, anautumia muda uliobaki kumaliza kazi zake. Ukurasa wa kwanza una fremu nne tu na maneno machache mno, na humo ndani historia yake yote imeisha, sayari inalipuka, wazazi wanamtuma, wazee wawili wanampokea. Fremu nne! Movie inatumia nusu saa hapo. Alafu angalia Quitely anavyomchora Clark Kent, yani Superman akiwa amejificha kama mtu wa kawaida. Siku zote tunauliza iweje miwani tu iwadanganye watu wasimtambue, sasa Quitely amejibu kwa mgongo, Clark amekunja mabega, tumbo mbele, miguu inagongana na vitu, suti inamning'inia, akiwa Superman mwili uleule umelegea kwa raha kama mtu asiyeogopa kitu chochote. Unaamini. Na kwenye toleo la 10 kuna binti anaitwa Regan amesimama kwenye ukingo wa ghorofa anataka kujirusha, Superman anatokea nyuma yake, anamwambia maneno mafupi tu kwamba yeye ana nguvu kuliko anavyodhani, anamkumbatia. Ukurasa mmoja. Huo nimeuprint kwa matumizi yangu mwenyewe na upo ukutani juu ya meza ninayofanyia kazi, na wateja wanauliza.

Hapa katikati najua mtaniuliza Watchmen iko wapi. Watchmen ya Alan Moore na Dave Gibbons, 1986 mpaka 1987, kwa sheria yangu ingetakiwa iwe juu kabisa maana ukurasa ndio kila kitu humo, fremu tisa tisa, na toleo la 5 limepangwa kama kioo, ukurasa wa kwanza unafanana na wa mwisho, wa pili na wa kabla ya mwisho, mpaka wanakutana katikati. Nimeukaa nao huo mpangilio nikiwa na penseli na ninamvulia Gibbons kofia. Lakini kila mstari umepimwa kwa rula na mimi moyo wangu hauingii, nikimaliza nimejifunza, sijaumia. The Dark Knight Returns ya Batman nayo nzuri ila Frank Miller huyohuyo ana kazi mbili ninazozipenda zaidi, na zote kachora David Mazzucchelli, kwahiyo twende huko.

Ya nne, Batman: Year One, 1987, matoleo manne tu, Batman 404 mpaka 407. Jina ni la Batman lakini mwenye hadithi ni James Gordon, polisi aliyehamia mji ambao polisi wenzake karibu wote wanakula rushwa, mke mjamzito nyumbani, na yeye hana joho wala hela za Bruce Wayne, yani Batman mwenyewe. Mazzucchelli hachori misuli. Anachora makoti, moshi wa sigara, ngazi za nyuma za majengo, giza kubwa jeusi la wino na ndani yake sura nusu. Rangi kaweka Richmond Lewis, mke wake, rangi zilizofifia kama za chumba chenye taa moja, na kwa mtu wa kazi yangu hii ni darasa kwasababu kila mteja anataka rangi iwake. Mwisho mtoto wa Gordon anadondoka kwenye daraja, Bruce anaruka bila kinyago anamdaka, na Gordon aliyepoteza miwani anamwambia mimi bila miwani sioni kitu. Kama alimuona au hakumuona, angalia uso aliochorewa hapo uamue mwenyewe, mimi najua ninavyoamini.

Ya tatu ni kifo cha Gwen Stacy, mpenzi wa Spider-Man, The Amazing Spider-Man 121 na 122, 1973. Gerry Conway kaandika, Gil Kane kachora, John Romita kapitisha wino. Dogo tunayefanya naye kazi aliniambia hiyo naijua, nimeiona kwenye movie ya 2014, anaanguka kwenye mnara wa saa. Nikamwambia kaa hapa. Kwenye komiki Green Goblin, adui wa Spider-Man, anamtupa kutoka juu ya daraja, Spider-Man anarusha utando unamdaka miguuni, na pembeni ya shingo ya Gwen kuna herufi ndogo, ndogo kabisa, za mlio wa kitu kukatika. Fremu inayofuata bado hajajua, anajisifia nguvu zake huku anamvuta juu. Wewe msomaji umeshaona, yeye bado. Hiyo filamu inakupitisha haraka kwasababu inakimbia yenyewe, kwenye karatasi macho yako ndo yanaamua, na yanarudi kwenye zile herufi hata usipotaka. Wameficha mpaka kichwa cha hadithi, kimewekwa ukurasa wa mwisho wa 121. Romita alitokea kwenye komiki za mapenzi, ndo maana sura ya Gwen ni laini vile, na inauma zaidi. Alafu usiishie hapo, malizia 122 mpaka mwisho, rafiki yao Mary Jane anafukuzwa na Peter, yani Spider-Man, mwenye hasira, anafika mlangoni, na badala ya kutoka anaufunga mlango akiwa ndani. Binti ambaye tulimjua kwa starehe tu. Mlango ule nauona mkubwa kuliko pigano zima la Goblin.

Ya pili Born Again, Daredevil 227 mpaka 233, 1986. Karen Page, aliyekuwa mpenzi wa Matt Murdock, mwanasheria ambaye ndiye Daredevil, ameangukia kwenye madawa na anauza jina halisi la Daredevil ili apate sindano moja. Jina linafika kwa Kingpin, bosi wa wahalifu, na Kingpin hamtumii wauaji, anamtumia barua. Kazi ya uanasheria, hela benki, vyote vinaondoka kwa makaratasi, mwisho nyumba nayo inalipuliwa, na mtu yeyote aliyewahi kuandamwa na madeni anajua hofu hiyo ilivyo. Sasa angalia Mazzucchelli alichofanya, sura zinafunguka kwa Matt akiwa amelala, tunamuona kutoka juu. Ya kwanza yupo kwenye kitanda chake kikubwa. Inayofuata kitanda cha gesti ya bei rahisi. Inayofuata amejikunja kwenye uchochoro kati ya takataka. Hakuna anayekwambia huyu mtu anashuka, unashushwa naye kwa pembe ileile ya kuangalia, na siku niliyoigundua niliacha kazi ya mtu mezani nikarudia kitabu chote tangu mwanzo.

Ya kwanza basi. The Amazing Spider-Man 33, Februari 1966, Stan Lee na Steve Ditko, ila wakati huo mpangaji wa hadithi alikuwa Ditko mwenyewe. Anza na 31 na 32 ujue kilichotokea: Shangazi May anakufa hospitali, dawa pekee imeibiwa na watu wa adui yake Doctor Octopus, na Spider-Man amebanwa chini ya mtambo wa chuma kwenye kambi iliyo chini ya maji, maji yanavuja kutoka juu, na kopo la dawa liko pale mbele, mkono haufiki. Hadithi ndo hiyo, nimekumalizia kwenye sentensi moja. Sasa kurasa. Ditko anaanza na mtambo mkubwa na mtu mdogo chini. Fremu nyembamba nyembamba, anajaribu, anashindwa, anakata tamaa. Nyuso za May na mjomba Ben zinamjia. Anajaribu tena, na kila anaponyanyua kidogo fremu inakua kidogo, mtambo unapanda kwenye ukurasa, mpaka unafunua na ukurasa mzima ni fremu moja, amesimama, chuma kimeruka. Uso una kinyago, huoni macho yake wala mdomo, kila kitu Ditko amekisema kwa mgongo na mabega na vidole, na aliyewahi kumuangalia msukuma mkokoteni wa soko la Kilombero akipandisha mzigo mlimani anaujua mgongo huo. Movie ya 2017 wameirudia hii sehemu na wamejitahidi, mwigizaji analia vizuri, lakini mtambo wa kwenye skrini haukui mikononi mwako.

Na baada ya kuunyanyua mtambo haijaisha, watu wengi wanakata hapo. Maji yanaporomoka, anapigana amechoka hadi hajielewi, anafikisha dawa hospitali, anaenda kuuza picha kwa Jameson, bosi wa gazeti, anarudi kumuangalia shangazi, na anaondoka peke yake kwa miguu huku daktari akimsifia asijue anamsifia nani.

Ushauri kwa wanaoanza: msianze na hii, anzeni na Year One kwasababu ni fupi na inasomeka hata kwa anayezijua movie tu, alafu Gwen, alafu ndo mje kwa Ditko. Na za zamani mkipata nafasi someni chapa zilizoacha rangi za kale, zile za nukta nukta kwenye karatasi ya gazeti, maana zikirudiwa kwenye karatasi ya kung'aa rangi zilezile zinapiga kelele na mistari ya wino inazama. Kama kuna mtu Arusha au Moshi ana Born Again ya karatasi na yupo tayari kuiuza au kubadilishana, ninayo All-Star Superman iliyokamilika ila nitakuuzia nakala ya pili tu, ya kwanza haitoki.