Watoto wangu wawili katika free school ya London: niliyoyaona

Nilipompigia mama Tanga kumwambia mjukuu wake kapata nafasi free school, alicheka. Ilikuwa 2016, mwaka ule ule elimu bila malipo ilipoanza kwetu. "Hata huku wamesema bure, lakini huyu wa kaka yako kaambiwa aende na ufagio na ndoo."

Ikabidi nimweleze kwamba "free" ya huku si ya bure. Shule za msingi za serikali hapa England hazina ada, zote. Hii "free" maana yake huru: shule inapokea fedha moja kwa moja kutoka serikali kuu kwa mkataba, kaunsili, yaani halmashauri ya eneo, haina amri juu yake, na wakati ule mtaala ilijipangia, na hata mwalimu asiye na cheti cha ualimu iliruhusiwa kumwajiri. Utaratibu huu uliletwa na serikali ya waziri mkuu David Cameron, Michael Gove akiwa waziri wa elimu, na shule 24 za kwanza zikafunguliwa Septemba 2011. Zinaendeshwa na trasti, taasisi isiyogawana faida yenye bodi ya wadhamini. Ya kwetu ina shule kadhaa za msingi. Jina lake sitalitaja, maana mengine nitakayoyasema hayapendezi.

Tulipoomba, shule yenyewe ilikuwa haijazaliwa. Tuliitwa jioni moja kwenye ukumbi wa maktaba, tukaonyeshwa picha ya jengo la ghorofa mbili lenye bustani juu ya paa. Mwalimu mkuu alizungumza vizuri mno, na mimi nikapenda. Kwa kawaida unaomba Reception, darasa la watoto wa miaka 4, kupitia kaunsili kabla ya tarehe 15 Januari, kisha unasubiri majibu tarehe 16 Aprili. Lakini shule mpya ya aina hii mwaka wake wa kwanza inaweza kupokea maombi yenyewe, nje ya mfumo huo. Kwa hiyo nilijikuta na nafasi mbili mkononi: ya kaunsili, jirani na nyumbani, na hii. Barua ya trasti ilikuwa na sentensi moja niliyoipitia haraka haraka: nafasi hii ni kwa masharti, mpaka mkataba na wizara usainiwe. Wifi yangu aliiona. "Unamwandikisha mtoto kwenye picha," akasema. Mkataba ulikuja kusainiwa majira ya joto, mimi nikiwa nimekwisha nunua sare, na koti lenye nembo kwa mtoto wa miaka 4, bei yake bado naikumbuka.

Jengo la pichani tulilisubiri miaka mitatu. Watoto walisomea iliyokuwa ofisi, kisha makontena. Uwanja haukuwepo, na kila adhuhuri walipangwa mstari na vizibao vya njano kwenda bustani ya mtaa. Nilizoea. Binti yangu alifurahia, kwake yeye kila siku ilikuwa safari.

Sikujua pia kwamba shule hizi hukua darasa moja kwa mwaka. Binti yangu aliingia na kundi la kwanza, na kwa miaka yote saba wao ndio waliokuwa wakubwa. Hakuwahi kuona mtoto wa juu yake akisoma kitabu kinene au kuongoza wimbo. Na mimi mzazi sikuwa na cha kupimia. Matokeo ya darasa la mwisho hayakuwepo, kwa kuwa darasa lenyewe halikuwepo, na wakaguzi wa Ofsted, idara ya ukaguzi wa shule, kwa kawaida huingia shule mpya mwaka wa tatu. Walipokuja wakatoa "Nzuri", daraja la pili kati ya manne ya wakati ule. Nilikuwa nimekwisha tia imani bila risiti.

Ufundishaji, kwa haki, ni mzuri. Kusoma hasa. Sisi tulianza na ba be bi bo bu na kufika mwezi wa tatu unasoma gazeti la babu. Kiingereza hakiendi hivyo, na mimi sikuwa na namna ya kumsaidia mtoto. Walimfundisha kwa foniksi, sauti moja moja, kila asubuhi bila kukosa. Juni 2018 akafanya kipimo cha taifa cha maneno 40, na 20 kati yake ni maneno ya uongo yasiyo na maana, ili ijulikane mtoto anasoma kweli au amekariri. Aliporudi akaniambia maneno ya uongo ndiyo yaliyokuwa rahisi, "yanasomeka kama Kiswahili chako." Mwalimu wake wa Reception ndiye aliyempa ule msingi. Mungu ampe kheri alipo.

Kilichonikwaza kilitokea 2021. Mtoto wangu wa pili alikuwa amekwisha ingia pale. Ijumaa moja mchana ikaja barua pepe: mwalimu mkuu anahamishiwa shule nyingine ya trasti, kuanzia baada ya mapumziko. Yule yule aliyetushawishi ukumbini. Wazazi tulichemka. Nikapiga simu kaunsili, nikazungushwa dakika arobaini, mwisho nikaambiwa kwa upole: shule hiyo si yetu. Diwani naye akasema hivyo hivyo. Wakati huo ndipo "free" niliyomweleza mama kwa majivuno ilipoanza kunihusu.

Nikafuata ngazi ya malalamiko: kwanza shule, kisha mwenyekiti wa kamati ya shule, kisha jopo. Kanuni inadai jopo liwe na angalau watu watatu wasiohusika na jambo lenyewe, mmoja wao asiwe mtu wa shule kabisa. Walinisikiliza vizuri, chai na biskuti. Barua ikasema mawasiliano yangeweza kuwa bora. Mwalimu mkuu hakurudi. Usiku huo nilifungua hesabu za trasti mtandaoni, ambazo ni za wazi kisheria, nikasoma mshahara wa bosi wao. Niliufunga ule ukurasa nikaenda kulala.

Tangu hapo masomo yanatoka makao makuu. Shule zao zote zinafundisha somo lile lile kwa vijitabu vile vile. Mwalimu wa mwanangu alitaka kuleta somo la bahari, akasema hana ruhusa ya kugeuza. Shule huru, mwalimu amefungwa.

Chakula cha mchana: cha bure kwa madarasa matatu ya chini tangu 2014, kama shule zote za serikali England. Kuanzia Septemba 2023 meya wa London akalipia na waliobaki. Binti yangu alimaliza Julai 2023. Hajanisamehe, kana kwamba mimi ndiye meya.

Nampa trasti nyota tatu na nusu kati ya tano. Ile nusu ni ya mwalimu wa Reception. Wiki iliyopita dada mmoja Mkongo ameniuliza kuhusu shule mpya wanayotaka kufungua karibu naye. Nimemwambia aulize kama mkataba umesainiwa, kisha apande basi akaone kiwanja kwa macho yake.